BETRI YA DRONI NI MTAJI, LAKINI NI MOTO PIA: JINSI YA KUICHAJI BILA KUUNGUZA DUKA

 

Juzi kuna ndugu yetu mmoja wa humu aliniandikia inboksi: "Kaka, nimenunua droni yangu ya kwanza kwa ajili ya kazi za harusi. Nina betri tatu. Nazichajije ili zidumu?" Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa tujifunze wote. Najua wapo wengi wanaoingia kwenye hii biashara sasa hivi, na anayekuuzia droni akishakuonyesha jinsi ya kuirusha anakuambia "kazi njema". Habari za betri hakuambii.

Mi sio injinia. Niliishia kidato cha nne. Fremu yangu ni ya vifaa vya simu na kusafisha picha, na nina droni ninayorusha kwenye harusi, sendofu na kupigia picha viwanja vya madalali. Hivi ninavyovijua nimevipata kwa kusoma vitabu vya maelekezo vinavyokuja na droni, kuangalia video usiku, na kwa kuunguza. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo naanza nayo.

KILICHONITOKEA

Ilikuwa Jumamosi, nimetoka kwenye harusi saa tano usiku. Betri zote tatu zimeisha, na Jumapili asubuhi nina kazi nyingine ya ubarikio. Nikazichomeka pale pale zikiwa bado na joto, juu ya meza ya mbao, pembeni kuna boksi la makava ya simu. Chaja yenyewe haikuwa ile iliyokuja na droni. Ile ilipotea, nikanunua ya bei rahisi mtaani. Nikamwambia mdogo wangu anayelala dukani, "dogo, ukiamka usiku zichomoe." Mi nikaenda kulala nyumbani.

Kuna kitu kingine ambacho sikumwambia, na hata mwenyewe nilikuwa nimejisahaulisha. Moja ya zile betri ilianguka kwenye mawe wiki moja kabla. Kona yake iliingia ndani kidogo. Nilijaribu ikarusha vizuri, nikasema nzima hiyo.

Saa nane usiku dogo aliamshwa na harufu. Anasema ilikuwa kama rangi ya kucha, tamu tamu hivi, inakwama kooni. Kuwasha tochi, betri imevimba kama andazi. Ashukuriwe Mungu, hakuigusa. Alizima swichi kubwa ya umeme, akaisukuma kwa ufagio kwenye beseni la bati, akaliburuta mpaka nje. Hajakaa sawa, ikalipuka. Moto ulitoka kama wa jiko la gesi, moshi mweupe mzito. Alimwagia mchanga wa kujengea uliokuwa kwa jirani.

Hasara yangu ilikuwa betri moja, meza kuungua upande, na kazi ya Jumapili kwenda na betri mbili. Lakini dogo alikohoa siku mbili kwa ule moshi. Na fremu ya pili yake ni ya mama wa cherehani, ina vitambaa vya wateja mpaka darini. Ukuta kati yetu haujafika juu. Zile dakika mbili tatu zingepita, leo ningekuwa nalipa nguo za watu, au nazika. Sisemi kukutisha, ndivyo ilivyokuwa.

KWANZA ELEWA UNACHOSHIKA

Betri za droni nyingi ni za lithiamu. Ndani yake kuna seli. Kila seli ni matabaka membamba yaliyokunjwa pamoja, katikati yametenganishwa na utando mwembamba kuliko karatasi, na yamelowana kimiminika kinachowaka kwa urahisi. Kwa hiyo fikiria hivi: umeshika umeme mwingi na mafuta ndani ya pakiti moja, na kinachovizuia visikutane vibaya ni ule utando.

Utando ukitoboka au ukiyeyuka, umeme unapita njia ya mkato. Seli inapata joto, joto linazalisha gesi na joto zaidi, na seli ya jirani nayo inapokea. Ikishaanza hivyo hakuna swichi ya kuizima. Vitu vinavyofikisha betri huko ni hivi:

- Kuchaji kupita kiasi au kwa chaja isiyo yake.
- Kuanguka, kubonyea au kutobolewa.
- Joto kali.
- Kuiacha iishe kabisa halafu ikae hivyo hivyo muda mrefu.
- Maji, hasa ya chumvi.

Na usidhani ni za kichina za bei rahisi tu. Mwaka 2016 Samsung walizirudisha simu zote za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri kuwaka. Kama kampuni kubwa vile ilikumbwa, wewe na chaja ya mtaani ni nani?

NAMBA NNE ZA KUKARIRI

Kwa betri za kawaida za lipo, zile laini zenye waya mbili nene na waya ndogo pembeni, kila seli ina namba zake:

1. Volti 4.2 ni imejaa. Usizidishe hapo.
2. Volti 3.7 ndiyo inayoandikwa kwenye lebo.
3. Volti 3.8 hivi ndiyo ya kuhifadhi.
4. Volti 3.0 ni chini kabisa. Ikishuka hapo inaharibika. Wengi tunatua ikiwa bado kwenye 3.5, ili tubaki na akiba.

Betri ya seli tatu basi unazidisha kwa tatu: imejaa ni 12.6, lebo ni 11.1, kuhifadhi ni kama 11.4.

Droni kama za DJI betri zake ni za akili, zina saketi ndani inayosimamia hesabu hii yote, na wewe unaona taa nne tu au asilimia kwenye programu. Tahadhari: betri nyingine hasa za kisasa zinajazwa zaidi kidogo ya 4.2 kwa seli kwa sababu zimetengenezwa hivyo. Ndiyo maana nasema tumia chaja yake. Usipige hesabu ya betri hii kwa chaja ya ile.

KABLA YA KUCHOMEKA

Hii inachukua dakika moja. Mi naiita kumpima mgonjwa.

Itazame. Imevimba? Iweke juu ya kioo cha meza, ikicheza kama kiti kibovu ujue imevimba. Ina ufa, kona iliyoingia, au alama ya kuvuja? Usichaji.

Inuse. Harufu tamu kama ya kusafishia rangi ya kucha ni kimiminika kinatoka. Usichaji.

Iguse. Ikiwa ya moto kutoka angani, iache ipoe. Vitabu vya maelekezo vya droni nyingi vinataka uchaji kwenye joto la nyuzi 5 mpaka 40. Betri iliyotoka kurushwa mchana wa jua la Dar au Morogoro inapita hapo. Iweke kivulini nusu saa au zaidi mpaka uisikie ya kawaida mkononi. Usiiweke kwenye friji ili ipoe haraka, utaingiza unyevu.

SEHEMU YA KUCHAJIA

- Chaji juu ya kitu kisichoungua: sakafu ya saruji, marumaru, au tofali. Sio kitanda, sofa, zulia wala meza ya mbao.
- Ondoa kila kinachowaka umbali wa kama mita moja: pazia, maboksi, makava, manukato, mafuta ya taa, petroli ya jenereta, mtungi wa gesi.
- Usichajie mlangoni. Likitokea la kutokea, moto usikufungie njia ya kukimbilia.
- Hewa iwe inapita. Moshi wa betri hizi ni sumu, sio wa kuuvumilia.
- Weka ndoo ya mchanga mkavu pembeni. Mchanga ndoo moja unaokota bure penye ujenzi.

Kuna mifuko maalum ya kuchajia betri za lipo, haishiki moto kirahisi. Ukiipata nunua. Usipoipata, sanduku la bati lisilofungwa kwa kubana linasaidia, lakini acha nafasi ya gesi kutoka. Ukilibana kabisa unatengeneza bomu.

CHAJA NA UMEME

Tumia chaja iliyokuja na droni, au ya kampuni ile ile. Ukiona bei ya chaja inakuuma, linganisha na bei ya betri, halafu linganisha na bei ya duka.

Kwa wanaotumia betri za lipo za kawaida na chaja ya kuweka namba wenyewe, zingatia mambo matatu. Moja, chagua aina sahihi ya betri kwenye chaja. Mbili, hesabu ya seli iwe sawa na ya kwenye lebo, na ile waya ndogo ya kusawazisha seli ichomekwe kila siku, sio siku ukikumbuka. Tatu, kasi. Chukua mAh ugawe kwa 1000, hiyo ndiyo ampia salama. Betri ya 2200 mAh unaichaji kwa ampia 2.2. Betri ya 5000 mAh kwa ampia 5. Itachukua kama saa moja na kitu. Ukitaka haraka zaidi ya hapo bila betri kuruhusu, unakopa kwenye umri wake.

Umeme wa kwetu nao unajulikana. Unakatika, unarudi kwa nguvu. Weka kifaa cha kulinda umeme mkubwa kati ya soketi na chaja. Ukikatika, chomoa, subiri utulie ndiyo uchomeke tena. Kwa jenereta ndogo hivyo hivyo: iwashe kwanza, iache itulie, ndiyo uchomeke. Usijaze ekstensheni moja chaja za simu, pasi na betri za droni.

Halafu kanuni ambayo mi nilivunja: USICHAJI UKIWA UMELALA AU UMETOKA. Na usimwachie mtu ambaye hujamfundisha. Betri inachajiwa macho yako yakiwepo. Ikijaa, chomoa. Hakuna faida ya kuiacha.

KAMA HUNA KAZI WIKI HII

Hapa ndipo tunapoua betri nyingi bila kujua. Unajaza zote Ijumaa, kazi inaahirishwa, zinakaa zimejaa mwezi mzima. Baadaye unashangaa "mbona imevimba wakati haijatumika?" Imevimba kwa sababu hiyo hiyo.

Kama hutarusha kwa siku kumi au zaidi, iache kwenye asilimia 40 mpaka 60. Betri za akili huwa zinajishusha zenyewe baada ya siku kadhaa zikikaa zimejaa, na ukizisikia zina joto kidogo wakati huo usishtuke. Lakini pia usiiweke ikiwa sifuri, maana inazidi kushuka taratibu mpaka haiamki tena. Kila baada ya miezi mitatu itoe, ichaji, itumie, irudishe kwenye nusu.

Ihifadhi pakavu na penye ubaridi wa kawaida, mbali na funguo, sarafu na misumari isije ikagusisha vichwa vya shaba.

Na ukirusha, tua ikiwa na asilimia 20 hadi 30. Bwana harusi atakuambia "zungusha mara moja tu ya mwisho." Mwambie subiri nibadilishe betri. Atasubiri.

KUSAFIRI NAYO

Usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Ndani ya gari lile joto linapanda haraka kuliko unavyodhani, na dashibodi ndiyo mbaya zaidi. Kwenye bodaboda, iweke kwenye begi lenye sponji, sio mfukoni na sio juu ya tenki. Kwenye basi, kaa na begi lako, usilitupe kwenye buti chini ya mizigo ya watu.

Kwa ndege kuna sheria za kimataifa, na hesabu yake ni rahisi. Chukua volti zidisha kwa mAh, gawa kwa 1000, unapata wati-saa, yaani Wh. Mfano, betri ya DJI Mini 2 ni volti 7.7 na 2250 mAh, unapata kama 17.3. Ya Mavic 3 ni volti 15.4 na 5000 mAh, unapata 77. Isiyozidi 100 unapanda nayo bila kuomba kibali. Kuanzia 100 mpaka 160 unaomba ruhusa kwa shirika la ndege kabla, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Zaidi ya 160 huruhusiwi kama abiria. Na betri za akiba zote zinakaa kwenye begi la mkononi, SIO kwenye mzigo unaopimwa. Ziba vichwa vyake kwa selotepu au weka kila moja kwenye mfuko wake.

IMEVIMBA, IMEANGUKA AU IMELOWA

Iliyovimba haina dawa. Usiitoboe kutoa gesi, usiikandamize irudi kwenye droni, usiiuze kwa mtu. Nasema hilo la kuuza kwa sababu nimeliona. Unamuuzia mwenzako moto kwa sababu ya laki moja.

Iliyoanguka vibaya, itoe kwenye droni, iweke nje mbali na nyumba, juu ya saruji au mchanga, uiangalie saa kadhaa kabla ya kuamua. Madhara mengine yanachelewa. Kama umbo limebadilika, usiipe nafasi ya pili kama nilivyofanya mimi.

Iliyozama, hasa baharini, usiichaji hata ikikauka na kuwaka. Chumvi inabaki ndani.

Ya kutupa usiichanganye na takataka za mtaa, maana tunajua jalala linachomwa. Ziba vichwa kwa selotepu, iweke kwenye ndoo ya mchanga nje, mpelekee anayekusanya taka za vifaa vya umeme.

IKIWAKA

Kwanza watu watoke. Kisha kata umeme kwenye swichi kubwa. Kama moto bado mdogo na una njia ya kutoka nyuma yako, mwagia mchanga au maji mengi. Maji yanasaidia kwa sababu yanapoza, ila umeme uwe umekatwa. Zimamoto ya unga nayo inapunguza miale. Usivute moshi, na usiondoke ukadhani imekwisha, kwani inaweza kuwaka tena. Ukiona unakushinda toka, funga mlango, piga 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa hapa Tanzania. Usirudi kufuata droni. Usirudi kufuata chochote.

DAFTARI LA BETRI

Hili ni la biashara sasa. Kila betri yangu ina namba kwa kalamu ya wino mzito: B1, B2, B3. Kwenye daftari naandika tarehe niliyonunua, mara ngapi imechajiwa, na tukio lolote kama kuanguka. Programu ya droni nyingi inaonyesha idadi ya chaji na volti ya kila seli. Seli moja ikianza kuachana na wenzake kila mara, hiyo betri inaelekea kustaafu. Ukinunua betri ya mkononi, omba uonyeshwe hizo namba kwanza. Akikataa, ondoka.

Halafu betri inazeeka kama tairi la bodaboda. Kwa hiyo kila kazi natenga elfu kumi ya betri kabla sijahesabu faida. Zamani sikutenga, ndiyo maana B2 iliyoanguka niliing'ang'ania. Tamaa haikuwepo, ni kwamba hela ya kununua nyingine haikuwepo. Ukiwa na hela ya betri pembeni, unakuwa na ujasiri wa kuitupa mbovu.

Sasa hivi nachaji jioni saa kumi na mbili mpaka saa mbili, sakafuni, nikiwa nahudumia wateja. Saa mbili zote zimechomolewa. Mteja akija na kazi ya kesho asubuhi wakati betri hazijajaa, namwambia nitakuja na mbili. Wengine wanaenda kwa mwingine. Sawa tu.

Yule mama wa cherehani nilimwambia ukweli asubuhi ile ile. Alinyamaza muda, akaniuliza, "Na dogo yuko wapi?" Nikamwambia yupo, anakohoa tu. Akasema basi, nguo zinashonwa nyingine. Tangu siku hiyo ndoo ya mchanga iko kati ya fremu zetu mbili, na kila mmoja anajua kazi yake.

Kama dukani kwako kuna kijana anayelala, msomee hili leo kabla hujafunga. Mwenye swali aulize hapo chini, nikiwa na jibu nitajibu.